Mgeni Aliyeondoka Msibani Bila Kuaga

Tumu aliondoka msibani bila kuaga, na kabla hajazifikia taa za robot za barabara kubwa, habari zilikuwa zimeshaizunguka nyumba nzima. Alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake tangu mchana, amekula ubwabwa, ameitikia dua kwa adabu. Halafu akavaa viatu akatoka kama mtu aliyekumbuka sufuria aliyoiacha jikoni. Hakumtazama mtu. Hakusema hata "bakini salama".

"Ule mutoto ametoka tu vile?" aliuliza mama Gradi, fundi cherehani wa Bukavu aliyepanga chumba cha mbele. "Mbele ya mwenye kufiwa? Eish! Ile si heshima."

"Labda tumbo," alisema Mayasa huku akimbembeleza mwanawe Yasini mgongoni.

"Tumbo gani linamzuia mtu kusema kwaheri?"

Kidawa, mfiwa mwenyewe, alijivutia kanga kichwani. Kaka yake alikuwa amezikwa Unguja, na yeye huku Bellevue, Johannesburg, alipata habari kaburi limeshafukiwa. Hakuwa na nguvu ya kumhukumu mtu.

Tumu ni Mchina. Jina lake la kwao ni Ruolan. Hili la Tumu alipewa chuoni, na mwalimu wake wa Kiswahili, mama mmoja wa Tanga. Ndiyo maana Mayasa, mwenyeji wa Tanga, alipomsikia mara ya kwanza alicheka hadi machozi: Mchina mwenye lafudhi ya kwao! Tumu alikuwa amekuja Johannesburg kwa ajili ya utafiti wa shahada ya pili, juu ya Kiswahili cha wahamiaji. Alikuwa akilala Cyrildene, kwenye mtaa wa Wachina, na kila siku alipanda hadi nyumba hii ya vyumba vingi, akaweka simu mezani, akawarekodi wanawake wakizungumza. Mwanzoni aliwaamkia "shikamoo" hata watoto wadogo, nao watoto wakamjibu kwa Kizulu na kukimbia.

Kiswahili chenyewe alikuwa amejifunza zaidi kwenye kioo cha simu. Ilikuwa miaka ya korona, geti la chuo limefungwa, wanafunzi sita katika chumba kimoja, kila mmoja na vidude vyake masikioni. Yeye akisema "habari za asubuhi", mwenzake wa kitanda cha juu akilia kimyakimya. Mageti yalipofunguliwa, kila mmoja wa darasa lao alitoka akitafuta cha kumfanya aamke asubuhi. Mmoja aliacha kazi ya ofisi akaenda kulima machungwa na babu yake. Mwingine alianza kukimbia mbio ndefu, na kila wiki akatuma picha ya soli zilizolika. Wa tatu alikaa tu nyumbani akilea paka. Wote walimwambia Tumu kwamba yeye ndiye aliyebahatika, kwani alikuwa amefaulu mtihani wa kuingilia shahada ya pili.

Wao hawakujua. Mwezi ule wa mtihani, ugonjwa ulipoingia kila nyumba kwa mara moja, bibi yake aliaga dunia. Bibi aliyemlea, aliyekuwa akibangua mbegu za alizeti kwa meno na kumwekea kiini kiganjani, kimoja kimoja. Mama yake hakumwambia. Tumu alipoandika kumuulizia, mama alijibu, "Amelala." Siku nyingine, "Amelala. Wewe umekula?" Alipomaliza karatasi ya mwisho ya mtihani ndipo alipoambiwa. Wakati huo bibi alikuwa ameshachomwa, kama desturi ya kule, amebaki majivu.

Tangu hapo Tumu hakuzungumza tena na mama yake kwa sauti. Mama aliandika, "Umekula?" naye akaandika, "Nimekula." Basi. Sasa mama alikuwa ameandika jambo jingine: *Sikukuu ya kufagia makaburi inakaribia. Mwaka jana hukuja, mwaka juzi hukuja. Mwaka huu utakuja? Niambie.* Ujumbe ule ulikuwa umekaa bila jibu kwa siku kadhaa. Kila akiandika "ndiyo" alifuta, na kila akiandika "hapana" alifuta vilevile. Shahada ile aliyoinunua kwa mazishi ya bibi yake, alikuwa haijui tena ni ya nini.

Jioni ya siku ile ya msiba, sauti ya Mayasa iliingia kwenye simu yake. "Mdogo wangu, kesho mchana njoo. Tuna maneno na wewe. Na usilete matunda, njoo wewe."

Tumu alikwenda. Alitembea polepole, akidhani leo ndiyo mwisho wake katika nyumba ile. Aliwakuta wote watatu chumbani kwa Kidawa. Mama Gradi alikuwa na sketi ya mtu mapajani, akifumua pindo.

"Kaa," alisema Mayasa. "Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, dada."

"Mbona jana ulitutoka kama mwizi wa kuku?"

Tumu alishtuka. Kumbe ndilo hilo! Akaeleza, maneno yakigongana. Kwao mtu haagi kwenye nyumba ya msiba. Ukisema "kwaheri ya kuonana", ni kama unaomba mkutane tena kwenye jambo kama lile. Mgeni mwema hunyanyuka akaondoka kimya, na mwenyeji hamsindikizi.

"Nilikuwa namheshimu dada Kidawa," alisema. "Sana."

Mama Gradi aliweka sindano chini. "Yee Mungu wangu! Basi sisi tulikuwa tunakusema usiku muzima!"

"Wewe ndiwe uliyekuwa unasema," Mayasa alimrudi. "Mimi nilisema tumbo."

Walicheka, hata Kidawa, kicheko kifupi cha kwanza tangu afiwe. Kisha Kidawa akauliza, "Mambo hayo alikufundisha nani?"

"Bibi yangu."

"Yupo?"

"Alikufa. Wakati wa korona."

"Pole."

Tumu alilijua jibu. Alijifunza kwenye kitabu tangu mwaka wa kwanza: ukiambiwa pole, unasema nimeshapoa. Akafungua mdomo alitoe, likakataa kutoka.

"Nani alikuja kukuhani?" Mayasa aliuliza, sauti imeshuka.

"Hakuna. Nusu ya mji ilikuwa na homa. Na mimi sikuambiwa mapema." Akawasimulia: mtihani, "amelala", majivu, na ujumbe ambao hadi leo hakuujibu.

"Aaa, hapana," alisema mama Gradi. "Mama yako alikosa. Mtu anazika bibi yako, anakuficha juu ya mtihani? Mimi ningemukasirikia mpaka uzee."

"Unasema hivyo kwa kuwa Gradi bado yuko darasa la pili," alisema Mayasa. "Subiri afike matriki, mtihani wa mwisho. Utamficha hata kama nyumba inaungua."

"Sitamuficha!"

"Utamficha, mama Gradi. Mimi huyu Yasini akilala tu, mtu akikohoa namfukuza."

Kidawa hakuingia katika ubishi wao. Aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akamsogelea Tumu na kumpa mkono, mkono wa kulia, wa kushoto ukimshika kiwiko. "Pole na msiba wa bibi. Kwetu mtu akirudi safari, hata kama ni baada ya miaka, huanza kwanza kuzipitia nyumba zilizofiwa nyuma yake, hajafungua hata begi. Pole haichelewi."

Mayasa akafuata, na mtoto mgongoni. Mama Gradi akafuata, akasema kwa lugha yake ya Bukavu kwamba pole ni pole, lakini mama bado alikosa. Tumu alilia. Hawakumnyamazisha.

Alipotulia, Kidawa alimuuliza, "Huyo bibi, alimzaa baba yako au mama yako?"

"Mama."

"Kwa hiyo yeye alifiwa na mama yake."

"Ndiyo."

"Na yeye, nani alimpa mkono?"

Tumu aliwahesabu mmoja mmoja. Baba alikuwa kitandani na homa. Majirani walikuwa wamejifungia. Mama yake alikwenda peke yake kumchukua bibi, akarudi peke yake na chombo cha majivu mikononi, akakiweka mahali, akanawa, akashika simu na kuandika: *Amelala. Wewe umekula?* Tumu alikuwa ameusoma ujumbe ule mara nyingi mno, lakini kila mara aliusoma kama mjukuu aliyedanganywa. Hakuwahi kumwona aliyekuwa ameishika ile simu.

Aliitazama saa. Kwao ni saa mbili usiku, vyombo vinaoshwa.

"Naweza kupiga hapa?"

"Piga," alisema Mayasa. "Sisi hatujui Kichina, umbea wetu utakosa chakula."

Mama alipokea haraka mno. "Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi, Mama." Kichina hakikuwa na neno fupi kama ile "pole" ya Kidawa, ikabidi alitafutie njia ndefu. "Mama, ulifiwa na mama yako, na mimi sikukuambia kitu. Nimechelewa. Nimekuja kukupa pole."

Bomba la maji likafungwa upande wa pili. Kisha mama yake alianza kulia, kwanza kama mtu anayekohoa, kisha waziwazi, na Tumu akamwacha alie, kama yeye alivyoachwa.

"Sikujua la kufanya," mama alisema mwishowe. "Ulikuwa umesoma mwaka mzima."

"Bado nimekasirika kidogo."

"Kasirika. Lakini uje."

"Nitakuja. Nitaleta mbegu za alizeti."

Bomba la maji likafunguliwa tena, na mama akakata simu bila neno.

Mama Gradi alikuwa amenyoosha shingo. "Amekata? Bila kuaga?"

"Hakuaga," alisema Tumu, akijifuta uso kwa kanga aliyopewa. "Tulikuwa msibani."

"Haya," alisema Mayasa, akamtupia Yasini mapajani. "Hapa si China. Leo ukiondoka utaaga mmoja mmoja, kuanzia na huyu."