Ukuta na Ng'ombe wa Namis

Namis alimwacha ndama anyonye kwanza, kisha akamsogeza kando na kumkamua mama yake, kama wanawake wa Kikhoikhoi wanavyofanya, maana ng'ombe asiyemwona ndama wake haachii maziwa. Alipomaliza akawafungulia ng'ombe wote kumi na wanne. Wakashuka kuelekea mtoni, na walipofika kwenye ngome ya Waholanzi wakapita katikati ya ukuta.

Njia hiyo waliijua kabla ya ngome kujengwa, wala hawakuona sababu ya kuzunguka. Waliingilia upande wa ghala, wakakatiza chumbani kwa kamanda, mara nyingine akiwa bado kitandani, wakatokea kwenye nyasi kidogo zilizosazwa na bustani ya kabichi. Jioni walirudi vivyo hivyo. Ukuta haukumeguka. Kamanda alilalamikia mavi tu.

Waliozaliwa baada ya ngome waligonga vichwa. Ndama hao walibaki nje na Khoas, binti wa Namis, mwenye miaka sita, ambaye naye alishajaribu akapata nundu.

Mwaka wa saba wa ngome, kamanda alimtuma mkalimani wake Doro, shemeji yake Namis, ambaye siku hizo alivaa suruali.

"Shemeji, mzee analalamika. Ng'ombe wako wanaingia kwake bila hodi."

"Mwambie yeye ndiye aliyejenga njiani bila hodi."

"Hilo nikilitafsiri nitachapwa."

"Basi vua hiyo suruali uje tuchunge."

Doro alicheka, lakini hakuivua. "Anataka uhamie ng'ambo ya mlima."

"Ng'ambo kuna nini? Mawe?"

Namis alipokataa kuhama, Waholanzi waliamua kuwachukua ng'ombe, wakajaribu kuwazuia ndani kwa zizi la magogo, nao wakapita kwenye magogo. Ndipo Doro, aliyelelewa kwa maziwa ya ng'ombe wa mamake Namis, akamweleza kamanda habari ya ndama. Kesho yake askari walikuja na bunduki, wakawaswaga ndama wote mpaka ndani ya ngome kupitia langoni. Mama zao walipita ukutani wakiwafuata, na jioni hawakurudi.

Namis aliingia kuwatafuta. Yeye pia alikuwa mkubwa kwa umri kuliko ukuta, basi akapita. Akamkumbatia shingo ndama mmoja, akamvuta kwenda nje. Yeye akatoka, ndama akabaki. Alilia kwa hasira pale nje, mikono yake mitupu ikinuka maziwa.

Kamanda hakumfukuza. Ng'ombe walikuwa wamewanyima Waholanzi hata tone, kwa hiyo akaagiza awe anakuja kukamua kila asubuhi, kwa ujira wa tumbaku. Namis alikuja kwa ajili ya ng'ombe wake. Baadhi ya siku alikasirika akabaki nyumbani, na kamanda akanywa maji. Hapakuwa na namna ya kumfungia.

"Huyu mwanamke ana mtoto?" kamanda aliuliza.

Doro alitazama viatu vyake. "Mmoja," akasema. "Wa kike. Alizaliwa ngome ikiwa na mwaka mmoja."

Walimleta Khoas langoni mchana, amevishwa gauni la kitambaa kigumu, akapewa kazi ya kufagia jikoni. Namis alipita ukutani nyuma yake.

"Mama, twende nyumbani," mtoto alisema.

"Kaa hapa nikuone," Namis alisema, akavuta ndoo, akaanza kukamua.