Simjui, Bosi

Kaka mtu alirudi nyumbani kutoka kazini kichwa kinamuwasha kwa ile kofia ngumu ya tivii, ila roho ndiyo ilikuwa inamuuma. Siku zote akiingia anakuta Mama anaangalia marudio ya taarifa yake, keshafukuza watoto wa majirani: "Nyamazeni huko, mwanangu anatangaza!" Leo tivii imezimwa kabisa. Mama yuko jikoni na simu, anamwangalia nani? Msusi. Yaani kitindamimba, mdogo wake wa kike, yule wa kusuka watu rasta!

Asubuhi waandamanaji walivyojaa barabarani, yeye na wapiga picha wake walipandishwa ghorofani, akatangaza, "Hali ni shwari." Huku chini Msusi kasimama mlangoni pa saluni na kisimu chake cha kioo kilichopasuka, anarusha laivu: moshi, mbio, viatu vimezagaa, bibi wa watu anavutwa ndani ya saluni huku anakohoa. Nchi nzima ikahamia kwake.

Sasa huyo hapo sebuleni, simu kaiegemeza kwenye chupa ya chai.

"Pole na kazi, kaka. Nilikuona kule juu, kadogooo, kama njiwa."

"Leo na wewe umekuwa mtu wa habari?"

"We, wivu huo!"

"Nikuonee wivu wewe? Kanuke mafuta ya nywele huko."

Msusi akacheka mpaka akashika mbavu. "Nakuja jamani, nafuata chaja," akasema, akaingia chumbani.

Simu ya kaka ikaita. Mhariri.

"Yule dada wa saluni si yuko mtaani kwenu? Tunamtaka studio leo, taarifa ya saa mbili. Akae kwenye kiti chako, aeleze alichokiona. Unamjua?"

Kiti chake! Kile alichokisotea miaka yote!

"Simjui, bosi. Halafu hao watu wa simu waongo tu, wanaigiza."

Akakata, akashusha pumzi. Mara jikoni, kwenye simu ya Mama, akasikia sauti yake mwenyewe inakuja kwa kuchelewa: "Simjui, bosi. Halafu hao watu wa simu waongo tu..."

Akageuka taratibu. Pale kwenye chupa ya chai, Msusi bado yuko laivu.

Mama akatokea mlangoni, mwiko mkononi. "Humjui nani, wewe?"

Msusi akarudi na waya wake wa chaja, akamtazama kaka, akamtazama Mama, akainama mbele ya simu.

"Jamani, msimtukane. Ni kaka yangu. Amechoka tu."

Na jikoni, simu ya Mama ikarudia kwa kuchelewa: "Amechoka tu."