Ushahidi wa Sekunde Kumi na Moja

Syombua alikuwa akiwapelekea wateja wake wa Mtito Andei vifaranga mia nne basi lilipomtoa barabarani. Alitoka nyumbani Matinyani alfajiri, akapitia Mutomo hadi Kibwezi, na sasa alikuwa kwenye barabara ya Mombasa. Mbele yake malori manne yalikuja yakifuatana. Mara basi likachomoka nyuma ya malori hayo, likamjia uso kwa uso. Alikata usukani, pikapu ikaruka ukingo wa lami na kusimama kwenye vumbi na miiba. Maboksi yalipinduka. Vifaranga sitini na kitu walikufa palepale.

Kamera aliyoibandika kwenye kioo cha mbele ilinasa kila kitu. Sekunde kumi na moja tu, na nambari ya basi ilisomeka vizuri.

Alikwenda moja kwa moja kituo cha polisi. Konstebo wa mapokezi, kijana mpole aitwaye Adan, aliitazama video mara mbili kwenye simu ya Syombua.

"Kuna mtu ameumia, mama?"

"Hapana."

"Magari yamegongana?"

"Hayakugongana."

"Sasa mimi niandike nini?"

"Andika kwamba nilikuwa upande wangu, na mtu akaja kuniua."

Adan alishusha pumzi. Akamwambia alete video kwenye flashi. Juma lililofuata Syombua akaileta flashi safari yote hiyo kutoka Matinyani, kumbe kompyuta ya kituo ilikatazwa kufungua flashi za watu. Aliporudi mara ya tatu, afisa wa trafiki aliyehusika alikuwa likizo. Mumewe, Kyule, alimwambia aachane na mambo hayo, kwani hata Mungu huachiwa mengine. Syombua akamjibu kwamba Mungu hakupewa kituo cha polisi.

Siku mbili baadaye, akiwa bandani anawanywesha kuku, simu ikalia. Nambari hakuijua.

"Mwaitu, mama yangu, naitwa Mbaluka. Mimi ndiye dereva wa lile basi."

Syombua akaweka ndoo chini. "Nani amekupa nambari yangu?"

"Nilipewa. Nakuomba msamaha. Ilikuwa siku ya tatu naenda Mombasa na kurudi. Nikifika nalala kwa saa mbili tu, naamshwa. Ukikataa, kuna mwingine anangoja usukani."

"Uliniona nikitoka barabarani?"

"Nilikuona kwa kioo. Gari lako halikupinduka, nikajua uko hai."

"Ukaenda."

"Nikaenda, mwaitu."

Hasira ilimpanda, lakini haikujua imwangukie nani. Sauti ya mtu huyu ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Hayo ya kutolala," akasema, "njoo uwaeleze polisi."

"Siwezi. Nina watoto watatu."

Kesho yake alirudi kituoni akiwa ameuma meno. Adan hakukana kwamba nambari ilitokea pale. "Tulidhani mtaelewana," alisema, macho yakiwa kwenye daftari. Pengine ni aibu iliyomfanya achukue kalamu, maana siku hiyo maelezo yaliandikwa tangu mwanzo hadi mwisho, na Syombua akaweka sahihi.

Kumbe huo ulikuwa mwanzo tu. Aliambiwa aandike cheti cha kuthibitisha kwamba kamera ni yake na video haikuchezewa. Akaandikiwa kwenye saiba, duka la kompyuta, kikarudishwa kwa kukosa tarehe. Mbaluka aliposhtakiwa, mara ya kwanza mahakamani hakimu hakuwepo. Mara ya pili faili halikuonekana. Kila safari aliwaomba wateja wasubiri, na wawili wakaanza kununua kwingine.

Mara ya tatu Mbaluka alisimama kizimbani, mwembamba, shati limepigwa pasi. Akakiri kosa kabla video haijaonyeshwa. Akatozwa faini, ikaitwa kesi nyingine. Dakika sita hazikufika.

Syombua akamfuata mwendesha mashtaka mlangoni. "Na mwenye basi? Anayewaendesha watu bila usingizi?"

"Huyo haonekani kwenye video, mama."

Nje alimkuta Mbaluka ameketi kwenye ukuta mfupi wa lango. Alikuwa amefutwa kazi tangu Jumatatu, na basi tayari lilikuwa na dereva mwingine.

"Huyo naye analala kwa saa ngapi?"

"Zilezile."

"Basi twende tuandike maelezo. Mimi na wewe, sasa hivi. Adan yuko hapo ng'ambo."

"Kuna kampuni nyingine imeniita kesho," alisema Mbaluka. "Wakisikia nimemshtaki tajiri, nani atanipa gari?"

Syombua hakumbembeleza. Alivuka barabara peke yake, akaingia kituoni, akamwomba Adan ukurasa mpya, wa mwenye basi. Adan akamuuliza shahidi wake ni nani. Syombua akakaa kwenye benchi, mkoba mapajani, akageukia mlango kuona kama Mbaluka anavuka barabara.