Kanisa la Saba Ndani ya Ukuta

Hii nilisimuliwa na Liwayway, binti wa jirani yangu hapa Tondo, Ijumaa Kuu ya mwaka jana, tukichambua choroko.

Alhamisi Kuu watu wa Manila huzuru makanisa saba. Bibi yake, Choleng, aliyataka yote saba ndani ya ukuta wa Intramuros, mji wa kale, kama alivyomwahidi marehemu mama yake. Matano vita viliyaangusha. Hayo yeye na dada yake Pilar walikuwa wakisali pale yalipokuwa. Ila Pilar walimzika Januari, kwa hiyo mara hii Liwayway ndiye aliyeshika mwavuli.

"Bibi, twende nje ya ukuta. Huko makanisa ni tele, tena yana feni."

"Wewe fuata feni. Mimi nina ahadi."

Mawili yaliyosimama waliyamaliza mapema. La tatu sasa ni shule, la nne ni benki. Bibi akapiga magoti kando ya mashine ya pesa. Familia moja yenye rozari ikamwona, ikapiga magoti nyuma yake.

"Foleni ya nini hii?" mpita njia mmoja akauliza.

"Kanisa la nne, dada, nadhani," akajibu mmoja wa waliopiga magoti.

Kijana aliyekuja kutoa pesa akafanya kwanza ishara ya msalaba. Liwayway akauma midomo asicheke.

"Cheka tu," bibi akanong'ona. "Mungu anayaona meno yako."

Kufika la sita walikuwa watu thelathini. Hapo bibi akasimama njia panda, akatazama huku na huku.

"Mama, la saba wapi?" mwanamke mmoja akauliza.

Bibi akamvuta mjukuu wake. "Pilar alikuwa akinishika mkono. Njia sikuiangalia hata siku moja."

Kicheko kikamwisha Liwayway. Kwa bibi, sita ni sawa na hakuna. Wakazunguka mtaa mara mbili, mpaka mlinzi wa maegesho ya magari akainuka kwenye kigoda chake.

"Bibi! Mbona mmechelewa?" Akaushika mkono wa bibi, akaugusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe kwa heshima. "Mwenzako yuko wapi, yule anayenifokea?"

"Ametutangulia, mwanangu."

Mlinzi akavua kofia. Kisha akawaonyesha lilipokuwa kanisa: katikati ya magari yaliyobanana, nafasi moja imezibwa kwa ndoo.

"Kila mwaka alinigombeza nisogeze magari. Leo nimesogeza tangu alfajiri, nisitukanwe."

Bibi akapiga magoti hapo, analia huku anacheka, na watu thelathini wakajipenyeza nyuma yake kati ya magari.

Walipofika nyumbani jua lilikuwa bado kali. Bibi alilala na viatu. Liwayway akamvua, akajinyoosha ubavuni mwake, naye usingizi ukamchukua.