Mashine ya Tisa

Watu wengi wenye mapenzi ya kukusanya hukusanya vitu vya kuweka kabatini: stempu, vikombe, sarafu za zamani. Yule mama fundi wa kufuli, aliyeitwa Kushoto tangu utotoni kwa sababu mkono huo ndio aliotumia kwa kila jambo, yeye alikusanya mashine za michezo. Si hizi za kushika kiganjani. Zile za zamani, za kutumbukiza sarafu, ndefu kama kabati la nguo, ambazo mtu alisimama mbele yake akashika kijiti kwa mkono mmoja na kubonyeza vitufe kwa mwingine mpaka vidole vikafa ganzi. Alikuwa nazo nane. Nne zilikaa karakana, tatu sebuleni, na moja koridoni, hata mumewe akienda kuoga ilibidi apite ubavu ubavu kama kaa.

Mumewe alikuwa kinyozi, na kinyozi hakosi maneno. "Wenzangu walioa wakapata mashemeji," aliwaambia wateja wake. "Mimi nimepata mashine nane, na hakuna hata moja inayonyolewa."

Kazi ndiyo iliyomponza Kushoto. Wenye mashine hizo hupoteza funguo za kisanduku cha sarafu, na yeye alikuwa hodari wa kufungua bila kuvunja wala kukwaruza. Wengine, wakishaona kisanduku kitupu, hawakuitaka tena mashine. "Chukua, mama, inatujazia nafasi." Akachukua ya kwanza, akachukua ya pili. Kisha akagundua kwamba kiwanda kimoja, kilichofungwa siku nyingi, kilitengeneza michezo tisa tu, na kila mmoja una kibati mgongoni chenye namba, kuanzia moja mpaka tisa. Hapo ndipo alipokwisha. Mwenye namba tatu na namba tano hawezi kula akashiba bila kuwaza namba nne.

Nane za kwanza alizitafuta kwa mapenzi. Ya tisa aliitafuta kwa udi na uvumba, na sababu ilikuwa pacha wake.

Pacha huyo aliitwa Kulia, na huna haja ya kuuliza kwa nini. Jambo moja lilikuwa likiwagombanisha tangu walipojua kusema: nani mkubwa? Mkunga alisahau, baba hakuwepo, na mama, ambaye alijua, alikataa katakata kusema. "Aliyetangulia," alijibu kila alipoulizwa, "ni yule atakayeosha vyombo leo." Vyombo vilioshwa sana katika nyumba ile. Mama akafariki, siri yake akaondoka nayo.

Walipokuwa na miaka kumi na mitano waliamua kulimaliza wenyewe. Mtaani kwao palikuwa na ukumbi wa michezo wa mzee mmoja waliyemwita Miwani, na mashine waliyoipenda kuliko zote ilikuwa Mwezi Mwekundu, ambamo unaongoza chombo kidogo katikati ya mawe yanayoporomoka. Miwani akatangaza kwamba anafunga. Siku ya mwisho pacha wakawekeana ahadi: kila mmoja acheze mara moja tu, mwenye pointi nyingi ndiye mkubwa, na mwenzake atamwita dada mpaka kufa. Kulia alianza, akamaliza, akaandika herufi zake, KUL. Kushoto akafuata, akacheza kama aliyepandwa na wazimu, akaandika KUS. Orodha ya washindi ilikuwa ndiyo kwanza inataka kutokea kiooni wapagazi walipoingia, na Miwani, mtu wa haraka siku zote, akachomoa waya.

Kushoto aliapa kwamba aliona elfu sitini na moja. Kulia aliapa kwamba yake ilikuwa zaidi. Miaka arobaini na miwili ikapita. Waliolewa, wakazaa, wakazika wazazi wakiwa wameshikana mikono, lakini hakuna aliyewahi kumwita mwenzake dada. Kwenye simu mmoja alisema "We pacha!" na mwingine akajibu "Nambie, pacha," na mambo yakaenda.

Mashine nyingi za enzi hizo ukizichomoa husahau kila kitu. Namba tisa peke yake, Mwezi Mwekundu, iliwekewa betri ndogo ndani ya kutunza orodha ya washindi. Kushoto alilijua hilo kwa miaka mingi. Mahali fulani duniani, gizani ndani ya sanduku la mbao, kulikuwa na jibu.

Alilipata kwenye ghala la unga. Mwoka mikate wa mji wa jirani alikuwa amempigia simu kwamba kitasa cha ghala kimekwama, na Kushoto alipoufungua ule mlango aliona kwenye kona, nyuma ya magunia, ubao wa juu wa Mwezi Mwekundu ukiwaka. Ubavuni kulikuwa na rangi iliyofifia: Ukumbi wa Miwani. Ilibidi akae juu ya gunia.

"Hiyo ni taa yangu," mwoka mikate alisema. "Marehemu baba aliinunua kwa huyo Miwani siku aliyofunga, ikaangushwa siku ile ile ikiletwa. Kioo kikafa, lakini ubao wa juu unawaka vizuri, basi hatujawahi kuichomoa."

"Hamjawahi kuichomoa?"

"Tuichomoe tuone unga kwa taa gani, mama?"

Maana yake hakuna aliyecheza tena baada ya siku ile, na betri ilikuwa ikipata umeme miaka yote. Ili apewe mashine, Kushoto alimfungia taa mpya mbili kwa mkono wake, akamwekea na kitasa kipya, na wote wawili wakaona wamepata faida. Akiwa bado na unga kwenye sketi, alimpigia pacha wake.

"We pacha! Nimeipata. Orodha imo humo humo. Njoo Jumamosi tuiwashe pamoja, tumjue mkubwa."

"Una hakika?" Kulia aliuliza. "Isije ikawa imeharibika."

"Nina hakika kama ninavyojua jina langu. Anza kulifanyia mazoezi lile neno: da-da."

"Nitakuja," alisema Kulia, na akakata simu bila kumrushia neno hata moja. Haikuwa kawaida yake, lakini Kushoto, kwa furaha aliyokuwa nayo, hakuligundua hilo.

Mashine ililetwa Alhamisi asubuhi. Wapagazi wanne waliishusha karakana, Kushoto akawafuata nyuma akipiga kelele kama anapokea bibi harusi. Walipoondoka alijifunga kanga kiunoni, akafungua kisanduku cha sarafu kwa nyaya mbili, akatoa mlango wa nyuma, akafuta vumbi la unga kwa brashi ya rangi. Mikono yake ilijua njia. Wakusanyaji wenzake walikuwa wakimpigia simu kutoka mbali kuomba ushauri, naye alimwambia kila mmoja wao neno lile lile, mpaka wengine wakamwita Mama Betri: kabla hujafanya chochote, ng'oa betri ya zamani. Betri kuukuu huvuja, na maji yake yanakula bodi ya umeme iliyo ndani mpaka hakuna kinachobaki. Toa kwanza, uliza baadaye. Akiwa anaimba, Kushoto alichukua koleo, akakata waya wa kwanza, akakata wa pili, akaiweka betri kwenye kibakuli.

Wimbo ulikatika katikati.

Aliitazama betri. Akaitazama mashine. Kisha akapiga ukelele hata mumewe, aliyekuwa mlango wa pili akimnyoa mtu, nusura ampitishie mteja mkasi sikioni.

"Umekatika kidole?" kinyozi aliuliza akija mbio.

"Afadhali kidole!"

Alimweleza. Kinyozi aliinamia kile kibakuli kama mtu anayetazama maiti. Kushoto alichukua kipimo cha umeme, akagusisha ncha zake mbili kwenye betri, na mshale ukapanda. Ilikuwa nzima. Haikuwa imevuja hata tone. Ilikuwa imetunza jibu lao miaka arobaini na miwili bila kulalamika, na yeye, Mama Betri, alikuwa ameikata kwa koleo.

"Basi usimwambie," kinyozi alisema taratibu. "Weka betri mpya, cheza, upate hizo elfu sitini zako, uandike herufi zako juu. Atajuaje?"

Ni aibu kusema, lakini Kushoto alijaribu. Alifunga betri mpya, akabadilisha kioo kwa kingine alichokuwa nacho akiba, na ilipofika saa nane mchana Mwezi Mwekundu ulikuwa ukizunguka tena mbele ya macho yake. Orodha ya washindi ilikuwa sufuri tupu, kumi kwa mstari. Alicheza mpaka jioni. Mchezo wa kwanza alipata elfu tatu na mia mbili. Mchezo wa ishirini alipata elfu nne. Mawe yalikuwa yakimwangukia kama yana kisasi naye. Mumewe, aliyepita na taulo begani, alijaribu mara moja kwa mzaha akapata elfu saba.

"Kumbe mkubwa ni mimi," alisema. "Niiteni kaka."

Kushoto alicheka akashindwa kujizuia, na baada ya kucheka aliona haya. Alifuta orodha yote ikabaki sufuri tena, akazima mashine. Hakutaka jina la dada alilolipata kwa kumdanganya mtu aliyelala naye tumbo moja. Atasema kweli, liwalo na liwe.

Kulia aliwasili Jumamosi mchana, na viatu vyake vya kazini vikasikika kabla yake. Alikuwa mwalimu mkuu, na alitembea kwa namna ambayo hata wapita njia walijikuta wakichomekea mashati. Safari hii, hata hivyo, uso wake ulikuwa umenywea. Walikumbatiana mlangoni, wakaenda moja kwa moja karakana, na hapo mbele ya mashine tano zilizopangwa kwa mstari Kushoto aliyatoa yote kwa pumzi moja: koleo, betri, kipimo, mpaka zile elfu nne.

Kulia alivua miwani.

"Umeing'oa," alisema.

"Mazoea. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Mkono ulikwenda wenyewe! Kila siku ni mkono! Tulipokuwa darasa la tatu uliifungua saa ya baba, ukasema mkono. Ukaifungua redio ya jirani, mkono! Mtu mzima wa miaka hamsini na saba, mjukuu anakuita bibi, unashika koleo kabla hujashika akili? Nimesafiri tangu alfajiri! Simama vizuri ninaposema nawe! Na hiyo kanga, ifunge, inaburuta!"

Kushoto alisimama vizuri. Akaifunga kanga. Alijisikia ana miaka saba, na kwa kuwa aliyekuwa mbele yake alimgombeza kwa haki, na kwa kuwa alikuwa amekosa kweli kweli, alijibu kama anavyojibu mtu aliyekosa:

"Nisamehe, dada."

Kinyozi, aliyekuwa anachungulia mlangoni, akaufunga mlango polepole akabaki upande wa nje.

Kulia aliketi kwenye kigoda cha kazi. Machozi yakamtoka, mengi, bila sauti.

"Lirudie," alisema.

"Sirudii ng'o. Limeniponyoka."

"Basi ngoja nikwambie. Mimi nilisimama nyuma yako siku ile. Wewe ulikuwa unatazama mawe, mimi nilikuwa natazama pointi. Yangu ilikuwa elfu hamsini na nane. Yako niliiona ikiipita. Kabla Miwani hajagusa ule waya, nilikuwa nimeshajua."

Kushoto alishika kichwa. "Miaka arobaini na miwili! Na ukala kiapo!"

"Nilikula. Uliponipigia simu kwamba umeipata, sikulala. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno ya kukuomba usiiwashe. Nafika hapa, unaniambia umeifuta mwenyewe. Nimekugombeza kwa sababu sikujua kama nicheke au nilie."

"Lakini kwa nini, pacha? Kwa neno moja?"

Kulia alijifuta kwa kiganja. "Wewe ulikuwa Kushoto. Mtaa mzima ulikujua. Nani duniani anaitwa Kulia? Watu wote ni wa kulia. Mimi nilipewa jina ili lako lipate mwenzake. Nilitaka kitu kimoja ambacho ni mimi kwanza na wewe baadaye. Kimoja tu."

Kushoto alitaka kukasirika. Haki yote ilikuwa upande wake: alikuwa ameshinda, na shahidi pekee duniani alikuwa amekiri kwa kinywa chake. Angeweza kudai neno lake papo hapo na kulipata. Aliitafuta hiyo hasira moyoni, akakuta hakuna. Alichokikuta ni kwamba lile neno, lilipomponyoka, halikumuuma. Lilikuwa limekaa vizuri mdomoni, kana kwamba lilikuwa likingoja zamu yake siku nyingi.

Aliwasha mashine. Mwezi ukachomoza mwekundu kiooni, mawe yakaanza kuporomoka, na Kulia, bado anavuta kamasi, akanyanyuka akakamata kijiti. Alipata elfu mbili. Akaandika herufi zake tatu kwa makini ya mwalimu, juu kabisa ya orodha tupu, akabaki anazitazama.

"Umeridhika?" Kushoto aliuliza.

"Bado kidogo."

Kushoto alimsukuma taratibu kwa nyonga, kama walivyokuwa wakisukumana kwa Miwani.

"Basi sogea, dada," alisema. "Nami nicheze."