Mbolezi kwa Wageni

Metaksia alipoliona jeneza katikati ya ua, moyo ulimruka. Alidhani kuna mtu amefariki kijijini naye hakuambiwa. Kisha akamwona mdogo wake Ligori akilipamba kwa maua huku akipiga mluzi, na hofu ikageuka hasira.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, dada. Basi la wageni liko njiani. Wanataka kuona utamaduni wetu sisi watu wa Mani, na minara ya mawe wameshaichoka. Wanataka wimbo wa kilio, wanataka mbolezi."

"Ya nani?"

Ligori akajishughulisha na maua. "Ile uliyomwimbia mama. Beti chache tu."

Mama yao alizikwa Kwaresima, na Metaksia alikuwa hajavua nguo nyeusi. Mbolezi ile ilimtoka alipokuwa ameketi upande wa kichwa cha maiti, na tangu siku hiyo hakuwahi kuirudia, hata peke yake jikoni.

"Mbolezi haiimbwi bila maiti," alisema. "Na yeyote anayetajwa humo huhesabiwa amekufa. Mtoto mdogo anayajua hayo."

"Mambo ya kale. Si wewe unayelia kila siku kwamba urithi wetu unapotea? Haya, nauokoa."

"Kwa jeneza la kuazima?"

Mzee Dikeos, mwenye duka la kahawa, alicheka ng'ambo ya ukuta. "Mwache, Metaksia. Mwakani atawaonyesha harusi isiyo na bwana."

"Na wewe mzee," Ligori akamgeukia, "hao wageni si ndio wanywaji wako?"

"Kahawa nawauzia, mwanangu. Mama yangu sijawauzia."

Basi likafika. Wageni wakajaa uani, wakakaa kwenye viti, wakatoa simu zao. Majirani nao wakasogea ukutani, maana jeneza haliwekwi wazi watu wakakaa kwao. Ligori aliwahutubia wageni kwa lugha yao, mkono kifuani, kama mtu aliyetumwa na kijiji kizima. Kisha akamnong'oneza dada yake, "Usiniaibishe. Nimeshawaahidi."

Metaksia akafungua kitambaa cha kichwani, akaacha nywele zishuke mabegani kama afanyavyo mfiwa, akasimama upande wa kichwa wa jeneza. Ligori akatabasamu.

"Ligori mwana wa mama,
wafa huku wapumua.
Mama hajaoza bado,
wamuuza kwa wageni.
Nani atakuogesha?
Nani atakusitiri?"

Wanawake ukutani wakainuka wote kwa pamoja. Mzee Dikeos alivua kofia, akajifanyia ishara ya msalaba, akaenda kufunga milango ya duka, kama ifanywavyo maiti inapopita. Mgeni mmoja alifuta machozi. Wengine walipiga makofi.

Ligori alikuwa mweupe kama chokaa. Alimkaribia dada yake, akamshika kiwiko.

"Nyamaza. Niko hai."

Metaksia akaongeza ubeti mwingine, akamtaja tena kwa jina na kwa ukoo.

"Dada, nakuomba. Kesho watu hawa watanisalimiaje?"

"Hawatakusalimu. Nani humsalimu maiti?" Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini mishipa ya shingo ilimsimama. "Mimi nilimfumba macho mama kwa mikono hii, Ligori. Wewe ulikuwa mlangoni unalia kama ndama. Nilidhani unalia kwa sababu yake."



Mgeni wa mstari wa mbele aliinua mkono, akauliza kwa adabu kama mama huyu angeweza kurudia tangu mwanzo, kwani simu yake haikunasa vizuri. Ligori aliwatazama majirani. Hakuna hata mmoja aliyemtazama usoni. Metaksia alikuwa ameshavuta pumzi ya ubeti wa tatu.

"Hapana," Ligori akamwambia mgeni. "Rudini kwenye basi, tafadhali. Tuna msiba hapa nyumbani."