Mikro za Papa Bénie

Mume wangu Ananie alinichagua mimi kwa siku moja tu ya soko. Kuchagua mikro za gitaa lake kulimchukua msimu mzima wa mvua. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba katika kesi hii mimi si hakimu wa haki.

Gitaa lenyewe ni la ujana wake. Miaka ile mji wetu wote wa Butembo ulikuwa ukicheza rumba, lakini yeye na wenzake wa mtaa wetu wa Mususa waling'ang'ania rock na blues, na sisi wasichana tukijifanya hatupendi. Baadaye watoto wakaja, na shamba la viazi la Kipese nalo likaja, gitaa likapanda juu ya kabati. Binti yetu Bénie alipochumbiwa na kijana wa mji wa Beni, alimwomba baba yake zawadi moja: kwenye karamu ya arusi awapigie ile blues ya polepole aliyokuwa akinipigia mimi. Ananie alilia. Kisha akashusha gitaa, akaliunganisha kwenye ampli, kile kikuza sauti chake, na halikutoa hata mguno.

Mikro zilikuwa zimekufa. Kwa asiyejua, mikro ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele. Inakaa chini ya nyuzi, inazisikiliza, inapeleka sauti kwenye ampli. Unyevu ulikuwa umeula ule waya. Syauswa, anayeuza vyombo vya muziki katikati ya mji, akasema hilo si tatizo, ataagiza mpya Kampala. Kosa lake ni kuleta aina tatu.

Alikuja nyumbani Jumapili baada ya misa, na chuma chake cha kulehemu mfukoni. Tulimchinjia kuku.

"Papa Bénie," alisema akiwa ameshashiba, kwa Kiswahili chetu cha Butembo chenye Kifaransa ndani, "hii ya kwanza ni ya mutindo ya zamani. Sumaku yake haina nguvu mingi, mais sauti iko nono, iko tamu. Njo blues yenyewe. Hii ya pili iko katikati. Hii ya tatu ni ya batoto ba sasa, iko nalia mupaka inapasua kioo."

"Miye nataka ya zamani," Ananie akajibu. "Sauti iko na nyama na mafuta. Hapana makelele."

Syauswa akafunga ya kwanza. Mimi nilikuwa jikoni, na kupitia ukutani nilisikia kitu kizuri hata nikaacha kumenya ndizi. Lakini Ananie akatikisa kichwa. "Hapana. Hii banaifunika blanketi." Ya pili ikafungwa. Akasema blanketi moja limetoka, limebaki lingine. Ikaja ya tatu. Ililia kama bati linalokatwa kwa msumeno, mbwa wetu akahama kwa jirani, nami nikatoka jikoni kuona.

"Njo hii!" Ananie alipiga kelele, macho yakimng'aa. "Njo ile ya zamani yangu!"

Kahongya, anayempigia ngoma tangu ujana wao, naye akiwa amealikwa kwenye kuku, alimeza mate, kisha akasifu. "Iko bien, Papa."

"Vraiment," Syauswa akaitikia. "Iko bien sana."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mzee mwenye mvi, tena katekista, nawe umeketi sebuleni kwake na kuku wake bado yumo tumboni mwako, huwezi kumwambia kwamba anachopiga kinaumiza meno. Basi mazoezi yakaanza. Kahongya akawa anakuja na pamba masikioni, akisema daktari amemkataza baridi. Bénie alikuja kusikiliza, akasema, "Papa, iko bien," kisha akanifuata jikoni kuniuliza kama kwaya ya parokia haiwezi kuimba badala yake. Nilipomwambia Ananie kwamba mchagua jembe si mkulima, alinijibu kwamba wanawake hawajui blues. Sikio la kufa halisikii dawa.

Alasiri moja, kifaranga kilikwama nyuma ya ampli. Wanaofuga kuku wanaijua sauti hiyo: nyembamba, kali, inaingia mpaka kwenye ubongo. Kahongya akanitazama, nami nikamtazama Kahongya. Ananie alikuwa ameinama, akikaza nyuzi taratibu.

"Leo kuko kimya muzuri," alisema.

Nilishikwa na kicheko, halafu kicheko kikanikauka mdomoni. Nilielewa. Sauti za juu zilikuwa zimemtoka masikioni kidogo kidogo, bila hata kumuaga. Mikro tamu aliisikia imefunikwa kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyefunikwa. Ile ya kukata mabati tu ndiyo iliyomfikia kama zamani. Nilimwonea huruma. Nikakitoa kifaranga, nikakipeleka nje.

Sasa nifanye nini? Nikimwambia, gitaa litarudi kabatini. Nikinyamaza, wakwe wa Beni watamcheka baba mbele ya mtoto wake. Nilingoja Kahongya aende, nikafunga mlango, maana mume hasahihishwi mbele ya watu.

"Papa Bénie, katoto ka kuku kalikuwa nalia nyuma ya ampli. Hukukasikia?"

"Kuku gani?"

"Njo vile. Masikio yako haikamate tena sauti ya juu. Ile mikro ya tatu iko naumiza batu."

"Mais bote banasema iko bien!"

"Bale banakuheshimu. Miye niko bibi yako."

Alivitazama vidole vyake. "Donc nitachagua namna gani kitu sisikie?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Ambia Bénie kwaya iimbe." Akalichukua gitaa na kulirudisha juu ya kabati, taratibu, kama anayelaza mtoto.

Hapo nilikasirika, tena kwelikweli. Mimi na mtu huyu tumekimbia vita, tumerudi, tumejenga upya, na sijawahi kumwona ananyoosha mikono.

"Shusha ile kitu!" nikamfokea. "Miye niliolewa na vidole, hapana masikio. Masikio niko nayo miye, inatosha sisi bote mbili!"

Akalishusha, na Syauswa akaitwa tena, aje na chuma chake na mikro zote. Niliweka kiti mbele ya Ananie, goti kwa goti, na kumpa sharti moja: sitasema neno. Maneno ndiyo yaliyotuharibia. Yeye apige, aangalie uso wangu.

Ya tatu ilipolia, uso ulijikunja wenyewe. Ya pili, nilijikuta nawaza magugu ya Kipese. Kisha ikafungwa ya kwanza, naye akaanza ile blues ya polepole. Sauti ilitoka nzito, yenye mkwaruzo kidogo, na mdomo wangu ukaanza kutetemeka. Machozi yalishuka, nikayaacha. Ananie hakutazama nyuzi hata kidogo.

"Kwangu blanketi iko tu," alisema alipomaliza. "Mais ile sura yako, sijaiona tangu Bénie alizaliwa. Syauswa, acha hii ndani, ibakie."

Karamu ya Beni ilifanyika mchana, ili watu wawahi kurudi kabla ya giza. Vijana wa protokole, wanaopanga wageni, walikuwa wameweka kiti cha Ananie vizuri, kikielekea meza kuu, walipoketi wakwe na padri. Ananie akafika na gitaa lake, akakiinua kiti, akakigeuza, akawapa wakubwa wote mgongo. Mbele yake kulikuwa na meza ya akina mama, na mimi katikati yao na paja la kuku mkononi. Ukumbi ulinong'ona. Kijana wa protokole akaja mbio, tai ikimpepea.

"Papa, pardon, batu bakubwa biko huku!"

"Ninajua, mutoto yangu," Ananie akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Mais miye niko nasikilia kule."

Nilimeza haraka, nikafuta mdomo, nikaketi wima. Nilikuwa kazini.